Slivu, kiungulia na tiketi ya Uturuki: jibu kwa mama wa Dar es Salaam

Swali: Daktari, shikamoo. Nina miaka 38, ni mama wa watoto wawili, naishi Dar es Salaam. Nina kilo 121 na urefu wa sentimita 162. Nina kisukari, natumia metformin, pamoja na dawa ya presha. Nimejaribu kila aina ya diet. Napungua kilo nane, kumi, halafu zinarudi zote na nyingine juu yake. Wifi yangu alikatwa tumbo India na sasa amekuwa mtu mwingine kabisa. Mimi nimepata wakala wa hospitali moja ya Uturuki, anasema nitafanyiwa slivu, yaani upasuaji wa kupunguza tumbo, na baada ya siku saba niko nyumbani. Mume wangu hataki hata kusikia. Anasema watu wanafia huko, na waliopona wananenepa tena. Natamani pia mtoto wa tatu, na huwa nafunga Ramadhani. Halafu nasumbuliwa na kiungulia usiku, nameza omeprazole. Nifanye au nisifanye?

Jibu:

Marahaba, mama. Umeuliza mengi kwa pamoja na yote yana uzito wake, lakini lile ulilolitaja mwisho, kwa haraka, kana kwamba ni jambo dogo, ndilo lililonisimamisha: kiungulia cha usiku. Hicho kinaweza kubadilisha kabisa aina ya upasuaji unaokufaa. Hukusema kama wakala amekuuliza habari zake. Kama hakukuuliza, hilo peke yake lingenitosha kusimamisha malipo ya tiketi.

Nitalifikia. Kwanza tuone uko wapi. Gawanya kilo 121 kwa mita 1.62, kisha gawanya tena kwa 1.62: unapata 46. Hiyo ndiyo BMI yako, yaani uzito wako ukilinganishwa na urefu. Mwongozo uliofuatwa kwa miaka mingi, uliotolewa Marekani mwaka 1991, uliruhusu upasuaji kuanzia BMI 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaoambatana na unene kama kisukari. Mwaka 2022 vyama viwili vikubwa vya madaktari wa upasuaji huu, cha Marekani na cha kimataifa, vilishusha kiwango: 35 kwa yeyote hata kama hana ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 ufikiriwe kwa mwenye kisukari. Kwa mwongozo wa zamani na kwa mpya, unastahili. Anayekwambia unatafuta urembo hajaielewa hali yako.

Na hizo kilo nane, kumi, zinazoondoka na kurudi, usizibebe kama aibu. Mtu anapopungua kwa kujinyima, mwili hujitetea. Homoni ya njaa iitwayo grelini hupanda, nishati inayotumika mtu akiwa amepumzika hushuka, na hali hiyo inaweza kuwapo hata baada ya mwaka mzima. Mtu mwenye BMI ya 46 akiambiwa tu "punguza wali, tembea", akarudishwa nyumbani, huwa hajatibiwa. Nasema hivi kwa sababu nimeona kina mama wengi wakija kliniki wameinamisha kichwa kana kwamba wamekamatwa na kosa. Hakuna kosa hapo.

Sasa slivu yenyewe. Mtaani mambo haya huchanganywa, kwa hiyo niyatenganishe upesi. Kuna puto, linalowekwa ndani ya tumbo kupitia mdomoni bila kupasua na kutolewa baada ya miezi kadhaa. Huduma hiyo ipo Muhimbili Mloganzila, nawe bila shaka umeisikia. Kuna kunyonya mafuta chini ya ngozi, ambako hubadilisha umbo lakini si tiba ya kisukari wala ya unene wa kiwango chako. Kuna sindano, nitazigusa baadaye. Na kuna slivu, ambayo watu huita "kukatwa utumbo" ingawa utumbo hauguswi hata kidogo. Kinachokatwa ni mfuko wa chakula.

Hufanyika chini ya nusu kaputi, kwa upasuaji wa matundu. Daktari hutoboa matundu madogo manne au matano, huingiza kamera na vifaa, kisha mrija hupitishwa mdomoni hadi tumboni ili uwe kipimo. Kando ya mrija huo mfuko wa chakula hukatwa kwa wima, kwa mashine inayokata na kubana kwa pini ndogo za titani kwa wakati mmoja. Asilimia 75 hadi 80 ya mfuko hutolewa mwilini. Hubaki bomba jembamba lenye umbo la ndizi, linalochukua kama mililita 100 hadi 150, mahali palipokuwa pakichukua lita moja au zaidi. Kipande kilichotoka hakirudi. Puto hutolewa, sindano huachwa, lakini slivu ni ya maisha.

Kupungua hakuletwi na udogo wa tumbo pekee. Sehemu inayoondolewa, ile ya juu upande wa kushoto, ndiyo inayotengeneza grelini kwa wingi. Ndiyo maana wengi hueleza kwamba miezi ya mwanzo wanasahau kula. Pia chakula hupita haraka kuingia kwenye utumbo mdogo, na homoni za shibe na za kusaidia insulini huamshwa. Sukari inaweza kuanza kushuka ndani ya siku chache, kabla hata mizani haijaonyesha mabadiliko makubwa.

Jambo moja la historia linasaidia kuelewa kwa nini slivu imeenea hivi. Haikuanza kama upasuaji unaojitegemea. Ilikuwa hatua ya kwanza ya upasuaji mkubwa zaidi unaohusisha na utumbo. Kuelekea mwaka 2000 huko New York, daktari Michel Gagner na wenzake waliigawa kazi hiyo mara mbili kwa wagonjwa wazito mno ambao wasingestahimili yote kwa siku moja: kwanza slivu, halafu baada ya miezi utumbo. Ikaonekana kwamba wengine walipungua vya kutosha kwa hatua ya kwanza tu. Leo slivu ndiyo upasuaji wa unene unaofanywa zaidi duniani. Ni mfupi, hauna kuunganisha utumbo, na daktari mwenye ujuzi huumaliza kwa saa moja au zaidi kidogo. Wepesi huohuo ndio unaofanya uuzwe kama kifurushi cha ndege, hoteli na upasuaji, wakati si kila tumbo linafaa slivu.

Ndipo nafika kwenye kiungulia chako. Tumbo la kawaida ni pana na hulegea; ukila, hutanuka na shinikizo halipandi sana. Bomba la slivu halitanuki hivyo, kwa hiyo shinikizo ndani yake ni kubwa, na asidi ikitafuta pa kwenda hupanda juu. Tena mkato hupita karibu na mahali koo la chakula linapoungana na tumbo, penye kona na misuli inayosaidia kuzuia asidi isirudi. Matokeo yake, mtu mwenye kiungulia kabla ya slivu anaweza kuzidiwa baadaye, na mwingine ambaye hakuwa nacho akakipata.

Finland walifanya utafiti mzuri unaoitwa SLEEVEPASS. Wagonjwa 240 waligawanywa kwa kura kati ya mwaka 2008 na 2010, takriban nusu wakafanyiwa slivu na nusu baipasi, upasuaji mwingine wa unene nitakaoueleza hapa chini, kisha wakafuatiliwa. Matokeo ya miaka 10 yalichapishwa mwaka 2022. Walipochunguzwa kwa kamera, michubuko ya koo la chakula itokanayo na asidi ilionekana kwa asilimia 31 ya waliofanyiwa slivu, na kwa asilimia 7 ya waliofanyiwa baipasi. Sitaki uogope kupita kiasi: ile hali iitwayo Barrett, ambayo chembe za koo hubadilika na baada ya miaka zinaweza kuelekea kwenye saratani, ilikuwa asilimia 4 kwa makundi yote mawili. Lakini kwa mtu ambaye tayari anaamka usiku na uchungu kifuani na kumeza omeprazole, tofauti ya 31 na 7 si ndogo.

Kwa hiyo kabla ya tiketi, kabla ya kumjibu wakala, unahitaji OGD, yaani kamera inayoshushwa kupitia kooni hadi tumboni. Hospitali za rufaa na hospitali binafsi kubwa hapo Dar wanaifanya. Itaangalia mambo matatu. Je, koo lina michubuko, na ya kiwango gani? Je, kuna ngiri ya kiwambo, yaani sehemu ya tumbo kupanda kifuani? Ikiwapo, inaweza kurekebishwa wakati huohuo wa upasuaji. Na je, una H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo walioenea mno kwetu? Hao hutibiwa kwanza kwa dawa. Mweleze daktari kuwa unatumia omeprazole, kwa sababu mara nyingi huachwa wiki mbili kabla ya kipimo ili isifiche bakteria wala michubuko.

Baipasi ni upasuaji mwingine. Daktari hutengeneza kifuko kidogo cha takriban mililita 30 juu kabisa ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo. Tumbo lililobaki huachwa ndani, halipokei chakula tena. Asidi inayofika kooni hupungua sana, na ndiyo maana baipasi huweza kukitibu kiungulia. Kwa kisukari pia huelekea kuwa na nguvu zaidi: katika utafiti huohuo wa Finland, baada ya miaka 10 kisukari kilikuwa kimetulia bila dawa kwa asilimia 26 ya wagonjwa wa slivu na asilimia 33 ya wa baipasi.

Mbona basi tusimpe kila mtu baipasi? Kwa sababu ina gharama zake. Upungufu wa vitamini ni mkubwa zaidi. Vidonda vinaweza kutokea kwenye kiungo, hasa kwa mvutaji sigara au mtu anayemeza diclofenac kila mgongo ukiuma. Vitu vitamu vinaweza kumfanya mgonjwa atetemeke, atoke jasho na kuharisha. Na kuna hatari moja inayokugusa wewe hasa: utumbo unaweza kuteleza na kujinasa kwenye uwazi ulioachwa ndani, hata miaka baadaye, na ujauzito huongeza uwezekano huo. Maumivu makali ya tumbo kwa mjamzito aliyewahi kufanyiwa baipasi ni dharura, na yanahitaji hospitali yenye kipimo cha picha cha CT na daktari anayeujua upasuaji huo. Ukiwa Dar utaifikia. Ukiwa kijijini ukweni, kilomita nyingi kutoka hospitali ya mkoa, ni habari nyingine.

Ungekuwa mgonjwa wangu, kabla ya kuona OGD, kwa BMI ya 46, kisukari na kiungulia cha usiku, ningeegemea baipasi, huku hamu yako ya mtoto ikinifanya niipime mara ya pili. OGD ikiwa safi na ngiri haipo, slivu inarudi mezani bila wasiwasi mkubwa.

Mume wako anasema walionenepa tena wapo. Wapo kweli, na afadhali tuhesabu pamoja badala ya kubishana. Baada ya slivu, mtu hupungua kwa wastani asilimia 25 hadi 30 ya uzito wake wote ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Kwako ni kilo 30 hadi 36, kwa hiyo utafika 85 hadi 91. Angalia vizuri: kwa urefu wako, hata kwenye kilo 85 BMI bado iko juu ya 32. Kwa mafanikio kamili ya slivu, jedwali la ukutani bado litakuita mnene. Anayekuonyesha picha za mwanamke aliyetoka 121 akafika 60 anakuuzia ndoto. Baadaye baadhi ya kilo hurudi. Kwenye utafiti wa Finland, baada ya miaka 10 mgonjwa wa katikati wa kundi la slivu alikuwa amepoteza asilimia 43.5 ya uzito wa ziada, yaani uzito ulio juu ya BMI 25, na yule wa baipasi asilimia 50.7. Uzito wako wa ziada ni kama kilo 55. Kwa hiyo ukiwa na miaka 48 ungetarajia kuwa umeshuka kilo 24 hivi kwa slivu, au 28 kwa baipasi. Wengine hupata zaidi, wengine pungufu.

Kwa mume wako kilo 24 zinaweza kusikika ndogo kwa upasuaji mkubwa hivyo. Mimi sioni hivyo. Kilo 24 zilizoondoka na kubaki zimeondoka kwa miaka 10, kwa mama wa miaka 38 mwenye kisukari, zina maana kwa figo, macho, magoti na moyo wake. Hakuna diet uliyowahi kufanya iliyokupa hilo.

Kinachorudisha uzito kwa kawaida si sahani ya wali. Wali na ugali ukila vijiko vichache vinakujaza. Hatari ni vile vinavyoteleza: soda, juisi ya miwa, chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari, aiskrimu, chokoleti, na kula kidogokidogo kutwa nzima, korosho hapa, visheti pale. Hivyo bomba halivizuii. Na ukumbuke kwamba njaa ile iliyonyamaza mwanzoni huanza kurejea kwa wengi baada ya mwaka au miwili. Mazoea mapya yanapaswa kujengwa kabla haijarejea.

Kuhusu kufa. Katika vituo vyenye uzoefu, vifo vinavyotokana na slivu ni takriban mtu mmoja kati ya 1,000, au pungufu ya hapo. Haiko mbali na hatari ya kutolewa mfuko wa nyongo. Linalotutia hofu sisi madaktari zaidi ni kuvuja: ule mstari mrefu wa pini kuachia mahali, mara nyingi sehemu ya juu kabisa, na majimaji ya tumbo kuingia kwenye nafasi ya ndani. Hutokea kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya 100. Kingine ni kuganda kwa damu miguuni na bonge kupanda hadi kwenye mapafu, na uzito wako pamoja na safari ndefu ya ndege huongeza uwezekano huo. Kutokwa damu ndani hutokea pia, kwa kawaida siku ya kwanza au ya pili.

Hapa ndipo zile siku saba zinaponikera. Kuvuja mara nyingi hakutokei siku ya pili ukiwa bado wodini. Kunaweza kujitokeza baada ya wiki moja, mbili, hata zaidi. Yaani wakati mfuko unavuja, wewe uko sebuleni kwako, daktari aliyekukata yuko mbali, na wakala anajibu kwa ujumbe wa simu. Sisemi Uturuki au India hawana madaktari hodari. Wapo, tena wengi, na wifi yako ni ushahidi. Shida ni umbali na mwendelezo. Zikitokea dalili hizi katika mwezi wa kwanza: moyo kwenda mbio zaidi ya mara 120 kwa dakika hata ukiwa umetulia, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, maumivu kwenye bega la kushoto, kukosa pumzi, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, unakwenda hospitali kubwa usiku huohuo na kusema kwa uwazi, "Nimefanyiwa slivu." Usianzie duka la dawa. Usifiche kwa sababu ya aibu.

Kwa hiyo kama utasafiri, mpate kwanza daktari wa upasuaji hapa nyumbani atakayekubali, kabla hujaondoka, kukupokea na kukufuatilia. Muulize wakala jina la daktari atakayekupasua, amefanya slivu ngapi na baipasi ngapi, nani atalipa ukirudishwa chumba cha upasuaji, na kama utapewa ripoti kamili ya upasuaji kwa Kiingereza. Kama hospitali inafanya slivu peke yake na haina baipasi, usishangae wakikushauri slivu. Na kama hakuna aliyekuuliza kuhusu kukoroma usiku, mweleze mwenyewe daktari wa nusu kaputi: watu wengi wenye BMI yako hukatikiwa pumzi usingizini, na hilo hubadilisha namna anavyokuandaa. Uliza Nairobi pia, upasuaji huu unafanyika huko, na kurudi kwa uchunguzi ni rahisi kuliko kuvuka bahari.

Wiki mbili kabla ya upasuaji utapewa mlo mwepesi sana, kwa kawaida wa majimaji na protini. Watu wengi hudhani ni adhabu. Kazi yake ni kupunguza mafuta kwenye ini, kwa sababu ini kubwa hulalia juu ya tumbo na kumzuia daktari kuona.

Baada ya hapo, wiki mbili za kwanza ni majimaji tu: supu iliyochujwa, maziwa, mtindi mwepesi, unakunywa funda kwa funda kutwa nzima. Kisha wiki kama mbili za vyakula vilivyosagwa, halafu vyakula laini, na kuelekea wiki ya sita hadi ya nane unaingia kwenye chakula cha kawaida. Lengo lako kila siku ni protini gramu 60 au zaidi, na kwetu hilo linawezekana bila unga wa kopo wa bei mbaya: mayai mawili yana kama gramu 12, samaki wa gramu 100 ana kama 20, vikombe viwili vya maziwa au mtindi kama 16, na nusu kikombe cha maharage kama 7. Ongeza dagaa, umeshafika. Protini iliwe kwanza, mboga zifuate, wanga mwisho. Uji ni laini lakini peke yake ni wanga mtupu, tia maziwa. Ugali mkavu, mkate na nyama ya kuchoma mara nyingi hukwama miezi ya mwanzo. Usinywe maji ukila. Subiri nusu saa. Tafuna mpaka chakula kiwe uji mdomoni, na ukihisi kukazwa kifuani, simamisha hata kama ni kijiko cha tatu.

Vitamini ni za maisha: ya jumla, B12, madini ya chuma, D na kalsiamu, pamoja na vipimo vya damu angalau kila mwaka. Lakini iko moja ninayotaka uikumbuke hata ukisahau nyingine zote, nayo ni B1. Akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu. Mtu anayetapika mfululizo baada ya slivu, akawa hali, anaweza kuharibika ubongo: macho kuona mbilimbili, kupepesuka, kuchanganyikiwa. Akipelekwa hospitali na kuwekewa dripu ya glukosi bila kupewa B1 kwanza, anaweza kuharibika zaidi. Mwambie mume wako neno hili, ili awe na la kumwambia daktari wa zamu ikitokea umelazwa usiku.

Nywele zitadondoka mwezi wa tatu hadi wa sita, na huota tena ukila protini. Ngozi italegea. Mawe kwenye nyongo hutokea kwa kupungua haraka, na madaktari wengi hutoa dawa ya kuyazuia kwa miezi sita. Dawa za kisukari hazibaki zilezile: wanaotumia insulini au glibenclamide wanaweza kushukiwa na sukari vibaya siku chache tu baada ya upasuaji, kwa hiyo daktari hupunguza mapema. Metformin yako ni salama zaidi kwa hilo. Dawa ya presha pia itahitaji kupunguzwa. Ukianza kusikia kizunguzungu ukisimama, pima. Na kwa wasomaji wengine wanaotumia ARV zenye dolutegravir: vidonge vya kalsiamu na chuma huzuia dawa hiyo isiingie mwilini vizuri, hivyo ARV imezwe saa mbili kabla ya vidonge hivyo au saa sita baada yake.

Mtoto wa tatu: subiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, mpaka uzito utulie na vitamini zijae. Uzazi wa mpango uanze mapema, kwa sababu mafuta yakipungua yai huanza kukomaa kwa mpangilio, na wanawake waliodhani hawashiki mimba hushtukia wameshika. Kitanzi au kijiti ni bora kwako kuliko vidonge, na sindano ya miezi mitatu ina tabia ya kuongeza uzito. Ukipata ujauzito, mwambie mkunga tangu hudhurio la kwanza. Kile kipimo cha kunywa glukosi nyingi kwa mkupuo kinaweza kukusumbua, hasa ukiwa umefanyiwa baipasi, na wanaweza kukupima sukari kwa njia nyingine.

Ramadhani ya kwanza baada ya upasuaji, kama itaangukia ndani ya miezi sita, usifunge. Kuanzia miezi sita hadi 12 ni suala la daktari wako kukuangalia kwanza. Tatizo kubwa ni maji: tumbo lako halitaweza kumeza lita moja na nusu kati ya magharibi na daku kwa mkupuo, na figo za mwenye kisukari hazipendi ukame. Ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa baadaye unaijua, zungumza na shehe wako kabla ya mwezi kuandama. Ukianza kufunga tena, futuru kwa tende moja na supu, na tambi za sukari zipite mbele yako.

Kuna la watu pia. Ukipungua kilo 30 kwa mwaka, mtaa utasema. Kwetu mtu akikonda haraka hukisiwa maradhi kabla ya salamu kwisha, na kwenye shughuli ukila matonge matatu kwenye sinia utaambiwa unadharau chakula cha watu. Wenye kustahimili hili vizuri, kwa niliowaona, ni wale walioamua mapema nani ataambiwa ukweli. Si lazima awe kila mtu. Mume wako awe wa kwanza. Njoo naye kliniki, aulize yale anayoyaogopa mbele ya daktari, kwa sababu ndiye atakayekupikia ile supu.

Sindano ulizozisikia, semaglutide na tirzepatide, ni dawa za kweli. Kwenye tafiti kubwa semaglutide ilipunguza wastani wa takriban asilimia 15 ya uzito, na tirzepatide kwa kipimo cha juu takriban asilimia 21. Ukiacha, uzito mwingi hurudi, na kuzinunua miaka na miaka kwa mfuko wa nyumbani ni mzigo. Kwa anayeogopa kisu, au anayetaka kushuka kidogo kabla ya kisu, zina nafasi. Usizitumie ukiwa unatafuta mimba, na usinunue za mtandaoni zisizojulikana zilipotoka.

Wiki hii, basi, panga OGD. Pamoja nayo pima HbA1c (wastani wa sukari wa miezi mitatu), wingi wa damu, figo, ini, tezi ya shingo, B12 na vitamini D. Ripoti ikitoka, tafuta mahali palipoandikwa kiwango cha michubuko kwa herufi, A hadi D. Ikiwa ni C au D, au wameandika Barrett, slivu tuiondoe kwenye mazungumzo na tuzungumzie baipasi. Ikiwa ni A au B, au hakuna kitu, niandikie tena pamoja na ukubwa wa ngiri kama wameiona, halafu tuchague.